Vishikio Mia na Vinne

Mimi ni mtu wa hasira. Nalisema mapema ili msomaji asije akashangaa mbele ya safari. Mama yangu husema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Nililelewa Kayanga, upande wa Tanzania, nikaja Kigali nina miaka kumi na tisa na Kinyarwanda cha kuchekesha watu, na mpaka leo nikikasirika Kinyarwanda hicho kinanikimbia, nabaki na Kiswahili peke yake. Ndiyo maana ugomvi wangu wote na Mzee Révérien tuliufanya kwa Kiswahili, mimi changu cha Kagera, yeye chake cha sokoni Kigali, kila mmoja akikiona cha mwenzake kimepinda.

Mzee Révérien ndiye mtunza stoo wa karakana yetu ya Nyakabanda. Tunatengeneza viti vya magurudumu, na si vile vya kununua vimepangwa dukani. Kila kiti kinachotoka kwetu kimepimwa kwa mwili wa mwenyewe. Mimi ndiye mchoraji. Kabla chuma hakijakatwa, kiti kizima kinakuwa kimeshajengwa kwenye kompyuta yangu, bomba kwa bomba, bolti kwa bolti, na mchoro ukikamilika unatoa orodha ya vifaa. Orodha hiyo ndiyo inayokwenda stoo kwa Mzee Révérien, naye anatoa kilichopo na kuagiza kisichopo.

Sasa programu ya kuchora ina akili nyingi lakini haina busara. Inajua kiti kina vipande tisini na kitu, ila haijui kipi ni kipi. Lazima wewe mwenyewe uende kipande kwa kipande ukikiwekea alama: hiki tunakitengeneza, hiki tunakinunua, hiki usikihesabu kabisa. Ukikosea alama moja, orodha nzima inaongopa, na inaongopa kwa sura ya ukweli, kwa sababu imechapwa vizuri na ina mistari.

Mwezi wa pili tulipata kazi ya viti ishirini na sita. Mfadhili alikuwa na ofisi Kiyovu, na mradi wake ulikuwa unafungwa mwisho wa mwezi wa tatu. Baada ya hapo hakuna kiti kingine. Wote ishirini na sita walikuwa watu ambao migongo yao haiwezi kuwashika. Walikuja karakana mmoja mmoja kupimwa, na wa tisa wao alikuwa Mukamana.

Mukamana alikuwa msusi, na si msusi wa kubahatisha. Mabibi harusi wa Nyakabanda walikuwa wakipita mikononi mwake, mpaka siku pikipiki iliyombeba ilipomtupa kwenye mtaro. Miguu yake ilipooza, na nguvu zote za kiwiliwili zikamwishia. Kiti cha kuazima alichokuwa anakalia kilikuwa na mgongo mfupi, kwa hiyo ili asianguke mbele ilibidi mkono wake mmoja ushike kiti saa zote, asubuhi mpaka jioni. Miaka mitatu hakuwa amesuka kichwa cha mtu.

Kumpima kulihitaji watu wawili. Nilimwita Mzee Révérien atoke stoo, akaja akinung'unika, akasimama nyuma ya Mukamana na kumshika mabega. Nilipomwambia Mukamana aachie mkono ili nizungushe kipimo, mwili wake ulianza kuja mbele polepole, na Mzee Révérien akaurudisha. Ukaja tena, akaurudisha tena. Aliacha kunung'unika.

"Dada," Mukamana aliniambia, "miguu nimeshaizika. Sikuja kuomba miguu. Nataka mikono yangu miwili."

"Utaipata," nikasema. Nikamwonyesha chini ya kwapa. "Mkanda utapita hapa, utakufunga kwenye mgongo wa kiti. Hutakuwa na haja ya kushika kitu."

"Kweli?"

"Mimi ndiye ninayechora," nikajibu, kwa majivuno yangu yote.

Wiki hiyo hiyo nikagombana na Mzee Révérien juu ya bolti za kazi iliyopita. Alisema nimeagiza bolti nyingi mno, mimi nikasema yeye hajui kusoma mchoro, yeye akasema alikuwa akisoma michoro kabla mimi sijaota meno. Nilirudi kwenye kompyuta nikiwa nachemka. Ndani ya kila mchoro wa kiti huwa tunakalisha mtu wa mfano, mtu wa kijivu asiye na uso, ili kuona kama kiti kinamfaa. Mtu huyo alihitaji jina. Nikamwandika: Révérien. Ukimtazama alivyokaa, kidevu juu, mikono mapajani, ilikuwa kama picha yake.

Nilicheka peke yangu, nikaendelea na kazi, nikasahau.

Kumbe nilisahau pia kumwekea alama. Orodha ya kwanza ilipochapwa, ilikwenda stoo na nakala kwa bosi wetu, Rugamba. Kati ya beringi na matairi palikuwa na mstari uliosema: Révérien, vipande 26, kununua. Mzee Révérien aliisoma orodha yote, kama kawaida yake, akachukua penseli, na pembeni ya mstari huo akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule za zamani: "Stoo iko mmoja. Pungufu 25." Kisha akairudisha mezani kwangu.

Karakana nzima ilicheka siku mbili. Rugamba hakucheka. Rugamba alikulia Kampala, na akiwa na hasira huwa mpole sana, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Nyabo Mutesi," alisema, kwa lile "bibi" la Kiganda, "hii orodha ingefika kwa mfadhili ingekuwaje? Sikiliza. Mara moja ni utani. Mara ya pili utaniachia hiyo kompyuta, nitamtafuta mtu mwingine wa kuchora. Tumeelewana?"

Tulielewana. Nilikwenda kumwomba Mzee Révérien msamaha, nikauomba vibaya, kwa haraka, nikiwa nimesimama mlangoni. Alisema, "Bon," yaani sawa, akaendelea kuhesabu nati. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku zote umekuwa hodari wa kutukana kuliko kutubu.

Badala ya kutubu nikaandika skripti. Hili wachoraji wengi hawalijui: ile programu ya kuchora inakubali kuamriwa. Unaandika mistari ya amri, nayo inafungua kila mchoro, inashuka ndani yake kutoka kundi hadi kundi, na kuweka alama badala ya mkono wako. Kila kilichomo kwenye kundi la bolti, nunua. Kila bomba, tengeneza. Na mtu wa mfano, ambaye sasa nilimwita Mtu tu, usimhesabu, yeye na vyote vilivyomo ndani ya kundi lake. Nilitumia Jumamosi mbili. Kazi iliyokuwa inanila siku mbili kwa viti ishirini na sita, skripti iliimaliza kwa dakika nne nikiwa nakunywa chai. Nilitazama zile alama zikijipanga zenyewe na nusura nilie kwa furaha.

Orodha mpya ikaenda stoo. Nilikaa nikisubiri irudi na maandishi ya penseli pembeni. Haikurudi. Mzee Révérien alitoa mabomba, akaagiza matairi, na Ngabo, mchomeleaji wetu, akaanza kazi. Bolti zilitosha bila kubaki hata moja. Nilitembea karakanani siku zile kama niliyeshinda kesi.

Viunzi vyote vilikuwa tayari Jumatano jioni. Alhamisi saa sita mchana lori lilikuwa lije kuvichukua kwenda kupakwa rangi ya unga, ile inayookwa kwenye tanuru. Tanuru lile tulikuwa tumepangiwa siku hiyo tu. Tukiikosa, zamu nyingine ilikuwa baada ya wiki tatu, na mradi ungekuwa umeshafungwa. Na rangi ile ikishaokwa huwezi tena kuchomelea kitu juu yake, unaiunguza na kutu inaanza hapo hapo. Kwa hiyo kila kitu cha chuma kilipaswa kuwa mahali pake kabla ya lori.

Alhamisi hiyo, saa moja asubuhi, nilimkuta Mzee Révérien amesimama karibu na meza yangu. Alikuwa ameshika orodha yangu.

"Mutesi. Iko kitu inapungua."

Sikumwacha hata avute pumzi. Nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia orodha hii haikuandikwa kwa mkono wa mtu, imetoka kwenye mashine, mashine haichoki wala haina chuki, na kama ana kinyongo na mimi kwa lile jambo la jina basi akiseme kama kinyongo, asikivalishe nguo ya kazi. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka nikakosa maneno.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"D'accord. Sasa kuja huku."

Nilimfuata kwa kuwa sikuwa na la kufanya lingine. Alikuwa amekitoa kiunzi kimoja kwenye safu na kukiwekea ubao wa kukalia. Kwenye kibandiko niliona namba tisa.

"Ikala."

Nikakaa.

"Achilia mikono. Legeza mugongo. Weka muzigo yote chini, kama muntu hana nguvu."

Nililegea. Alinisukuma begani kwa kidole kimoja, kidogo tu, na mwili wangu ukaenda mbele, nikajikuta nashika bomba kwa mkono wa kushoto ili nisianguke kifudifudi. Nilibaki nimeinama hivyo, nikiutazama mkono wangu ulioshika bomba, na hasira yote ikanitoka.

"Mukanda iko wapi?" aliuliza Mzee Révérien, kwa sauti ya chini. "Na zile vyuma ndogo ya kufungia mukanda, nyuma hapa, ine. Iko wapi? Nimetafuta kwa orodha, mara tatu. Hakuna."

Nilikimbia kwenye kompyuta. Haikunichukua hata dakika. Mikanda ilikuwepo kwenye mchoro, na vishikio vyake vinne kwa kila kiti, vizuri kabisa, nilivichora mimi. Lakini kwa kuwa kila mtu ana kifua chake, nilikuwa nimeuweka mkanda na vishikio ndani ya kundi la Mtu, ili nikibadilisha upana wa kifua vyote visogee pamoja. Ilikuwa njia nzuri ya kuchora. Kisha nikaandika skripti iliyosema: usimhesabu Mtu, yeye na vyote vilivyomo ndani yake. Skripti ikatii. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na changu kilikuwa kimefungwa kifuani kabisa.

Vishikio vinne mara viti ishirini na sita ni vishikio mia na vinne. Hata kimoja hakikuwepo duniani. Saa ilikuwa moja na nusu.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya kupandia ofisini kwa Rugamba. Nilimwona akilini Mukamana akikalishwa kwenye kiti kipya chenye rangi ya kung'aa, watu wakipiga makofi, naye ameshika bomba kwa mkono wa kushoto, vile vile, kwa maisha yake yote yaliyobaki. Mzee Révérien alikuja akasimama pembeni.

"Umeligundua lini?" nikamuuliza.

"Jana, wakati mumeenda nyumbani, amebaki Rugamba tu."

"Kwa nini hukumwambia bosi?"

"Nilikuwa naenda kumwambia," akasema, wala hakuona haya. "Nisikudanganye, mwana wanjye. Nilishika karatasi, nikapanda ngazi hii hii. Nilikuwa na furaha. Nikasema, leo huyu mutoto ataondoka." Akakohoa. "Siku ile uliniandika kwa orodha, niliumia. Sana. Sikulala. Halafu jana nikasema, kama mimi ndiye mutu anakala kwa hii kiti, ngoja nikale nione ameniweka wapi. Nikakala. Nikakumbuka yule mama wa nywele. Mimi nilimushika, unakumbuka? Bado iko hapa." Alinionyesha viganja vyake. "Nikapeleka mukono nyuma kutafuta mukanda, nikakuta bomba tupu. Ndio nikapanda, nikafika kwa mulango ya Rugamba. Nikasema, nikimwambia huyu, atafukuza Mutesi kwanza, halafu ataanza kupiga simu. Nani atajua kutengeneza ile orodha leo? Na bolti..." Alisita. "Miaka kumi na tisa nimehesabu bolti kwa kidole. Orodha yako ilikuwa sawa. Haikubaki hata moja. Sikukwambia, lakini niliona."

Nilimshika mikono yote miwili nikamwambia asante, na safari hiyo sikuisema nikiwa nimesimama mlangoni. Nikamwambia nisamehe, Mzee, lile jina nililiandika kwa ubaya. Akasema, "Najua. Nenda kwa Rugamba sasa. Mimi naenda kutafuta nondo ya milimita sita, nafikiri iko mbili chini ya mabati."

Mficha uchi hazai. Nilipanda ngazi nikamkuta Rugamba anajaza maji kwenye birika. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: skripti ina kosa, kosa ni langu, mikanda na vishikio havimo kwenye orodha, viunzi vyote viko uchi, na nahitaji lori lizuiwe, Ngabo aache kila kitu, na mtu aende kwa Trinah, fundi cherehani wetu, ashone mikanda ishirini na sita kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya kukabidhi.

Aliweka birika chini polepole.

"Hii ni mara ya pili."

"Ndiyo. Ni ya pili. Kompyuta nitakuachia, bosi, lakini niachie mpaka jioni."

Rugamba akafungua dirisha akapiga kelele kwa Kinyarwanda, karakana nzima isikie, kwamba hakuna kiunzi kitakachotoka. Kwa Kiswahili akaniambia mimi, "Ya kompyuta tutaongea baadaye. Shuka chini. Unajua kukunja chuma?"

"Sijui."

"Utajua."

Kurekebisha skripti kulichukua mistari miwili. Mikono yangu ilichukua muda zaidi. Mzee Révérien alikata nondo vipande vya sentimita tisa, mimi nikavikunja kwenye jiliwa kimoja kimoja, Rugamba akavua koti akasugua ncha zake kwa msasa, Ngabo akachomelea. Kufika cha thelathini malengelenge yalikuwa yameota kwenye viganja vyangu, na kufika cha sitini yalikuwa yamepasuka. Sikuthubutu kulalamika. Kila nilipoinua kichwa nilimwona Mzee Révérien amepiga magoti mbele ya kiunzi, anaweka alama kwa chokaa mahali pa kila kishikio, akitumia vipimo vya kifua alivyonakili kutoka kwenye mchoro wangu. Mimi niliyesema hajui kusoma mchoro.

Lori lilifika saa sita kamili. Dereva aliambiwa asubiri, akakunja kofia usoni akalala. Saa sita na dakika ishirini Mzee Révérien alipita safu nzima akihesabu kwa kugusa kila kishikio kwa kidole. Akafika mwisho.

"Mia na tatu," akasema.

Wote tukasimama. Ngabo akaapa kwamba amechomelea vyote alivyopewa. Mimi nikaapa kwamba nimekunja vyote nilivyokatiwa. Ilikuwa ni kama ndoa inavunjika pale pale. Ndipo Rugamba alipoinua mguu kugeuka, na kishikio cha mia na nne kikawa chini ya kiatu chake, amekikanyaga sijui tangu saa ngapi. Tulicheka mpaka dereva akaamka. Ngabo akakichomelea kikiwa bado na vumbi la soli ya bosi.

Jioni nilizima kompyuta, nikakusanya daftari langu na kikombe, nikaenda kwa Rugamba. Aliniuliza kikombe cha nini. Nikamkumbusha maneno yake. Akasema maneno yake anayakumbuka vizuri, na kwamba kuanzia sasa skripti yangu itafanya kazi, lakini hakuna chuma cha kiti cha pili kitakachokatwa mpaka Mzee Révérien akae kwenye kiti cha kwanza na kuinuka ameridhika.

"Mwezi uliopita ningekasirika," nikamwambia.

"Na leo?"

"Leo ningeomba hivyo mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Nilirudi nyumbani na viganja vyangu vimefungwa vitambaa, na njia nzima nilikuwa nashukuru, kwa sauti, peke yangu, hata watu wa pale kituoni wakanigeukia. Nilimshukuru Mungu kwa Mzee Révérien. Nilishukuru kwamba ana kinyongo na ana aibu, na kwamba jana, mlangoni kwa Rugamba, aibu ilishinda. Nilishukuru hata kwa lile tanuru na siku yake moja, maana bila haraka ile ningelala mwezi mzima na kosa langu ndani ya mchoro.

Viti vilikabidhiwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Palikuwa na hotuba nyingi, na mimi si mtu wa mikutano, sikuzisikiliza. Nilikuwa nazunguka nyuma ya viti nikivuta mikanda. Mukamana alipofungwa wa kwake aliinamisha kichwa, akaupapasa. Gari la mfadhili likawachukua kuwarudisha makwao kabla sijapata nafasi ya kumwambia neno.

Na neno nilikuwa nalo. Lilinisumbua. Niliona si haki anishukuru siku moja kwa kitu nilichokaribia kumnyima, na yeye hajui.

Baada ya wiki tatu huwa tunawatembelea watu wetu kukaza bolti, kwa sababu kiti kipya hulegea kidogo kinapomzoea mwenyewe. Nilimwomba Mzee Révérien twende wote kwa Mukamana. Si mbali na karakana, unashuka tu kichochoro kile chenye mafundi viatu. Alibeba boksi la vifaa, mimi nikabeba hotuba yangu ya toba ambayo nilikuwa nimeipanga kichwani tangu asubuhi.

Tulimkuta barazani kwake. Wanawake wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri. Wa tatu alikuwa kwenye kigoda cha chini, katikati ya magurudumu, kichwa chake kimeegemea magoti ya Mukamana, nusu ya kichwa imesukwa mistari midogo iliyonyooka na nusu bado imetimka. Mukamana alikuwa ameegemea mgongo wa kiti, mkanda umemkaa, vidole kumi vyote viko ndani ya nywele vinakwenda kwa kasi ambayo macho yangu yalishindwa kuifuata.

"Mukamana," nikaanza, "nimekuja kukaza kiti, lakini kwanza kuna jambo lazima nikwambie. Kuhusu huo mkanda. Nusura..."

"Dada, si sasa," akasema, bila kuinua macho. "Nikiachia hapa msuko wote unafumuka. Utaniambia nikimaliza huyu, na hawa wawili wako mbele yako. Mzee, habari za kazi? Karibuni mukae."

Hapo akakumbuka kwamba hajatusalimia kwa mkono, na kwetu kumkaribisha mgeni bila kumpa mkono ni utovu wa adabu. Akatazama mikono yake. Wa kulia umeshika fungu la nywele, wa kushoto umeshika jingine, mafuta yamejaa mpaka kwenye kucha. Hakuwa na mkono wa kunipa. Basi akafanya kama afanyavyo mtu yeyote aliyekutwa kazini, anayekanda unga au anayelima: akakunja ngumi bila kuachia nywele, akaninyooshea kifundo cha mkono.

Nikakishika. Mzee Révérien akaweka boksi chini, akazunguka upande wa pili, akashika kingine.